Siku ya Maji Mafu

Haya, sogeza kiti, nikutegee. Mgeni huyu huja kwetu mara mbili kila siku. Hapigi hodi, hangoji kukaribishwa, na akiondoka haagi. Mgeni gani?

Usikimbilie kujibu kama alivyokimbilia Jethro. Yeye alisema, "Hiyo ni rahisi, mama. Ni meneja wetu wa hoteli!" Wanawake waliokuwa wakichambua kamba pale ufukweni Kikokoni wakaangua kicheko, na Bi Hasina, aliyekitega kitendawili chenyewe, ikabidi aweke kisu chini asije akajikata.

"Huyo meneja wenu ana tabu," akasema akijifuta machozi kwa ncha ya leso. "Jibu ni maji ya bahari, baba. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, kila siku aliyoiumba Mungu. Kwani kwenu hakuna bahari?"

"Kwetu Kirinyaga tuko na mto tu. Hiyo inaenda, inaenda, hairudi."

"Masikini. Mto wenyewe hauna adabu ya kurudi kusalimia?"

Jethro alikuwa fundi wa umeme katika hoteli moja ya Diani, na kufika kwake Kikokoni, huko mbele ya Msambweni, kulikuwa kosa la lugha. Mpishi alikuwa ameagiza kamba kilo kumi. Mtu wa stoo, wa bara naye, akaona kamba ni mambo ya mafundi, akamtuma fundi. Jethro akashuka kwenye pikapu, akaamkia vizuri, "Shikamoo, mama," akaitikiwa marahaba, kisha akauliza, "Kamba zenu ni za nailoni ama za katani?"

Bi Hasina akamfunulia beseni. "Hawa wetu ni wa ndevu, mwanangu."

Na hao wa ndevu ndio waliokuwa wakimnyima Bi Hasina usingizi. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake kumi na tano wanaovua na kuuza kamba. Nguzo za stima zilikuwa zimekomea barabara kuu, kilomita saba kutoka pale. Barafu ilinunuliwa Ukunda, na ikishatoka Kona ya Musa ikarushwarushwa kwenye barabara ya vumbi, ilifika Kikokoni nusu yake maji ya kunawa. Kamba hawana subira. Jua likipanda kidogo, vichwa vinageuka vyeusi, na hapo hata paka huwaza mara mbili. Mwezi ule kikundi kilikuwa kimemwaga mabeseni mawili mazima baharini. Bi Hasina alirudi nyumbani na beseni tupu kichwani, akaliona zito kuliko lilipokuwa limejaa.

Jethro hakuyajua hayo. Alikuwa akingoja kamba wake wapimwe, huku macho yake yakizurura, mpaka yakatua Mlangoni.

Mlangoni ni pale ghuba inapobanwa na miamba miwili, ikawa ujia mwembamba wa upana wa nyumba mbili. Maji yote yanayoingia kwenye mikoko na yote yanayotoka hupita hapo. Siku ile ilikuwa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, mwezi kumi na tano kwa hesabu ya mwandamo, saa saba mchana, na bahari ilikuwa ikiingia kwa vishindo, inatoa povu, inanguruma kama lori lililopakia kokoto. Jethro akaokota kifuu cha nazi, akakitupa majini, akakimbia nacho sambamba ukingoni, simu mkononi ikimhesabia sekunde, viatu vikiteleza kwenye mwani.

"Mita mbili kwa sekunde!" akapiga kelele. "Mama! Hii maji iko na nguvu sana!"

"Maji haya yana nguvu," Bi Hasina akamrekebisha. "Tunajua. Mwaka jana yalimchukua mbuzi wa Mzee Mwero."

"Mnajua, na mmenyamaza? Mama, mmekaa juu ya stima, halafu mnanunua barafu Ukunda!"

Mzee Mwero, mchonga mitumbwi, alikuwa ameegemeza baiskeli yake hapo, baiskeli ya zamani yenye dainamo inayosugua tairi. Jethro hakuomba hata ruhusa. Aliigeuza juu chini, akashika kanyagio, akazungusha kwa nguvu. Taa ya mbele ikawaka mchana kweupe. Wanawake wakaizingira na kuifunika kwa leso waone vizuri.

"Hapa ndani kuna sumaku, na kuna waya wa shaba," Jethro akasema akihema. "Sumaku ikizunguka karibu na waya, umeme unaamka ndani ya waya. Ni hivyo tu. Na hiyo sumaku haijali nani anaizungusha. Mguu, upepo, maji, ni sawa tu. Huko kwetu babu alikuwa na gurudumu la mbao mtoni, likawasha taa ya nyumba nzima."

"Yaani miaka yote hii," Mzee Mwero akasema polepole, "nimekuwa nikitumia miguu yangu kufanya kazi ya bahari?"

Bi Hasina hakucheka. Aliitazama taa ile ndogo, akayatazama maji yakipita bure, yakipita, yakipita, tangu siku aliyozaliwa yeye na kabla yake, akahisi viganja vinamwasha.

"Baba," akamwuliza, "gurudumu kama hilo linaweza kugandisha barafu?"

Jethro akakuna kichwa. La babu yake lisingeweza. Lakini hotelini alikuwa amesikia habari za mradi mmoja wenye mashine ya barafu na mtambo wake kamili wa kuzamishwa majini. Mashine ilikuwa moja tu. Ingepewa kijiji kitakachoonyesha, kwa gurudumu la kujitengenezea wenyewe, kwamba maji yao yanaweza kazi. Wahandisi walikuwa wakizunguka pwani kutazama.

Jioni ile ile kikundi kikakaa mkutano, na hapo ndipo moto ulipowaka. Mlangoni ndipo uzio wao wa kunasia samaki ulipokuwa. Gurudumu likiingia, uzio lazima ung'olewe.

"Tung'oe uzio unaotulisha," akasema Zainabu, wifi yake Bi Hasina, mikono kiunoni, "tuweke pipa la kuzunguka? Na fundi mwenyewe hajui kamba wa kuliwa na kamba ya kufungia!"

"Hajui kamba, anajua umeme. Wewe wajua kamba, umeme wajua?"

"Haya. Twakupa mwezi mmoja. Mashine ya barafu isipokuja, uzio warudi mahali pake, na wewe washuka kwenye kiti. Kubali mbele ya watu."

Bi Hasina alikuwa amekikalia kiti hicho miaka tisa. "Nakubali."

Wiki mbili zilizofuata hakuna aliyelala mchana Kikokoni. Jethro alikuja kila siku yake ya mapumziko, na siku nyingine akatoroka kabisa. Alileta mota aliyoomba hotelini, iliyotolewa kwenye ile mashine ambayo watalii hupanda, wakakimbia saa nzima, na wakishuka wako palepale. "Mota hii ilikuwa ikila umeme ili izungushe," akaeleza. "Sisi tutaizungusha, itutapikie umeme." Mapipa mawili ya chuma yakapasuliwa yakawa mabapa ya gurudumu. Mzee Mwero akaunda chelezo cha mitungi ya plastiki na miti ya mvinje, kielee juu ya maji, kipande nayo na kushuka nayo, kikiwa kimefungwa kwa nanga nne. Kamba za kufungia, kwa bahati, safari hii zilikuwa za nailoni.

Siku ya kujaribu, mwezi pili tangu uandame, bamvua tena, saa saba mchana, kijiji kizima kilikuwa ukingoni. Bahari ikaanza kuingia. Gurudumu likatikisika, likalia kwa kutu, likasimama. Bi Hasina akaziba mdomo kwa leso. Likatikisika tena, likapindua bapa moja, la pili, la tatu, kisha likashika mwendo, chwaa! chwaa! chwaa! maji yakiruka juu yake kama linacheza ngoma. Jethro akaunga waya kwenye betri ya lori, akaunga taa.

Ikawaka. Nyeupe, kali, imetulia tuli.

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika hadi msikitini. Zainabu mwenyewe alipiga kimoja, akakumbuka, akakikatiza katikati. Bi Hasina alicheza hapo hapo matopeni mpaka kiatu kimoja kikapotea. Alimshika Jethro mabega, akamtikisa. "Ni bahari hiyo! Ni bahari inayowaka!"

Walishangilia hivyo mpaka saa kumi alasiri, maji yalipojaa yakasimama. Wenyeji wanaijua saa hiyo. Maji hupumzika kidogo kabla ya kugeuka, bahari inakuwa kama sahani ya mafuta. Sasa sikiliza maajabu. Maji yamesimama kabisa, hata jani halisogei, na gurudumu bado linazunguka. Lenyewe. Taratibu, chwaa... chwaa...

"Jini!" Mzee Mwero akaita. "Auzubillahi! Limepandwa!"

Watu wakatawanyika, ndoo huku, watoto kule. Bi Hasina peke yake ndiye aliyebaki, akimwangalia Jethro aliyekuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili.

"Si jini, mama. Ni mimi mjinga. Umeme umerudi kutoka kwa betri, unazungusha mota. Inakula kile ilitupatia!" Na kabla hajamaliza, maji yakageuka, yakaanza kutoka, yakalisukuma gurudumu kinyume. Cheche moja ya buluu, paa! Fyuzi ikaungua.

Jethro akaketi juu ya mwamba, ameishiwa. "Mto hairudi nyuma," akanong'ona. "Sikufikiria. Mto hairudi nyuma."

Hapo Bi Hasina akaona anajua jambo ambalo fundi halijui, na raha ikampanda upya. Akaketi kando yake. "Sikiza, baba. Bahari ina kwenda na kurudi. Hiyo huwezi kuibadilisha. Badilisha waya zako. Hakuna kitu cha kuuzuia umeme usirudi ulikotoka?"

"Kuna. Inaitwa diodi. Kijidude kidogo hivi. Umeme unaingia upande mmoja, kurudi hauwezi."

"Kama mlango wa dema!"

Jethro hakujua dema. Bi Hasina akamletea moja, mtego wa kusukwa kwa fito, akaiingiza ngumi ya Jethro kwenye mdomo wa mtego huo. Mkono uliingia vizuri, ulipotaka kutoka fito zikamchoma. Samaki huingia hivyo, na ndani hukaa.

"Hiyo ndiyo diodi, mama! Hiyo hasa!" Jethro akaruka, dema limemning'inia mkononi. "Nikiweka madema manne, mawili ya maji kujaa, mawili ya maji kupwa, umeme utaingia betri upande ule ule kila wakati!"

Kesho yake akarudi na madema yake manne, madogo kama punje za mahindi. Gurudumu likazunguka kwa kujaa, taa ikawaka. Maji yakasimama, gurudumu likasimama kwa adabu. Maji yakatoka, gurudumu likageuka kinyume, na taa ikawaka vilevile. Zainabu alikaa kimya, na Bi Hasina alikuwa hajawahi kuusikia ukimya mtamu kama ule.

Siku iliyofuata Jethro akapiga simu kutoka Diani. Mtandao ulikuwa wa kukatikakatika.

"Mama! Wageni wa mradi wamekubali! Wanakuja Jumatano, saa mbili asubuhi!"

Bi Hasina akahesabu kwa vidole. Mwezi tano, mwezi sita, mwezi saba, Jumatano mwezi nane. "Lo, baba, siku hiyo siyo. Jumatano maji ni mafu."

"Nini? Sisikii. Nani amekufa?"

"Maji! Maji mafu, Jumatano!"

"Maji amekufa? Wooi! Pole sana, ma..." Simu ikakatika. Baadaye ukaingia ujumbe, mjukuu akamsomea: *Poleni sana kwa msiba. Nimeomba wageni wasogeze tarehe, wamekataa. Tuombe Mungu.*

Bi Hasina akapumua. Angalau fundi ameelewa. Na kweli ni msiba, kuonyesha nguvu za maji siku ambayo hayana nguvu.

Jumatano pikapu ikafika. Aliyeshuka kwanza alikuwa Bi Lenah, mhandisi wa mradi, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira na daftari kubwa kwapani. Nyuma yake Jethro, amevaa shati jeusi, mkononi sukari kilo mbili na majani ya chai. Akamwendea Bi Hasina kwa sauti ya chini.

"Pole, mama. Mmeshazika?"

"Kuzika nini?"

"Mzee Maji. Si ulisema Maji amekufa?"

Bi Hasina akamtazama. Akaitazama sukari. Kicheko na kilio vilimjia pamoja. "Baba wee! Maji haya!" akanyoosha kidole Mlangoni. "Mwezi ukiwa nusu, bahari haijai sana wala haipwi sana. Mkondo unalala. Tunaita maji mafu!"

Jethro akageuka kutazama. Pale palipokuwa pakinguruma, maji yalikuwa yakiingia kinyonge, bila povu wala sauti. Gurudumu lilikuwa likienda kama bibi harusi anayepelekwa ukumbini, hatua moja, likapumzika, hatua nyingine. Taa, iliyokuwa imeungwa moja kwa moja bila betri ili wageni waone kazi ya maji yenyewe, ikawa uzi mwekundu ndani ya kioo, kisha hata uzi usionekane.

"Wiki iliyopita ilikuwa inaruka," Jethro akamwambia Bi Lenah. "Kweli, nakuapia, ilikuwa inaruka."

"Kila mtu huniambia wiki iliyopita," Bi Lenah akajibu, si kwa ubaya. Alizama mpaka magotini, akakagua gurudumu, akazishika zile diodi nne, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alitazama miamba, akatazama alama za maji juu ya mawe. Kisha akatoka, akalifunga daftari.

"Kazi ni nzuri," akasema. "Lakini mimi sikuja kuwasha taa. Mashine ya barafu ikikosa umeme ghafla, barafu inayeyuka na samaki wanaoza, na watu wanailaumu mashine. Kwa hiyo nina swali moja tu, na mtu anijibu. Kwa mwezi mzima, ni siku ngapi gurudumu hili litakuwa kama leo?"

Jethro akaingiza mkono mfukoni. Akatoa simu, akaiinua juu kutafuta mtandao. Hakukuwa na mtandao. Akaishusha.

"Sema hakuna hata moja," Zainabu akanong'ona, akimfinya Bi Hasina ubavuni. Hata yeye sasa alikuwa anaitaka ile mashine, jasho limemtoka. "Sema leo tu! Sema ni kutu!"

"Sema moja," mwingine akasema. "Moja si nyingi."

Mzee Mwero akainama kukaza fundo la kamba lililokwisha kukazwa.

Bi Lenah aliwatazama wote, akangoja. Dereva akawasha injini. Bi Hasina alihisi miaka yake tisa ya uenyekiti imening'inia kama taa ile iliyokosa kuwaka. Siku ngapi? Akiitaja hesabu yenyewe, amekiri mwenyewe mbele ya mgeni kwamba bahari yake ina siku za uvivu. Akitaja moja, mashine huenda ikawa yao leo leo. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuhesabu vyenyewe ndani ya leso, kama vinavyohesabu tangu alipokuwa msichana akimfuata mama yake majini. Akavitoa nje ya leso, vionekane.

"Bi mhandisi," akaita, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Wataka mwezi wa kalenda au mwezi wa mbinguni?"

Bi Lenah, mguu mmoja tayari ndani ya pikapu, akageuka. "Kuna tofauti?"

"Wa kalenda siujui. Wa mbinguni nitakwambia mpaka mwakani, na mwaka wa baada yake ukitaka."

Bi Lenah akaushusha mguu. Akamwonyesha dereva ishara azime injini. Akalifungua daftari, akatoa kalamu, akaiuma kifuniko.

"Siku ngapi?"

"Siku sita," akasema Bi Hasina. "Mwezi saba, mwezi nane, mwezi tisa. Halafu mwezi ishirini na mbili, ishirini na tatu, ishirini na nne. Hizo maji ni mafu, na anayekwambia vingine hajawahi kushika uzio. Zilizobaki zote gurudumu litazunguka, mara mbili kwa kujaa na mara mbili kwa kupwa, na kila siku litachelewa kuliko jana kwa muda wa kupika chungu cha wali. Na usinipe mashine ya kugandisha barafu ya siku moja, nipe yenye sanduku la kuweka ya siku tatu, maana hizo sita haziji pamoja. Zaja tatu, tatu."

Bi Lenah akaziandika zote sita, na chini yake akaandika: sanduku la siku tatu.